Kivuli cha Lwanda Magere

Wanafunzi wengi waliosoma fasihi simulizi katika shule zetu wanamfahamu Lwanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho katika nyanda za Kano, mashariki mwa Kisumu. Aghalabu kisa chake hufunzwa kama onyo dhidi ya mwanamke asiyeweza kutunza siri. Funzo hilo ni finyu mno, na tena linamwonea mwanamke.

Maisha ya Magere yametufikia kwa masimulizi ya vizazi na vizazi. Yasemwa kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, na jina lenyewe, Lwanda, kwa Kijaluo lina maana ya mwamba. Mikuki ya Walang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaita majirani wao Wanandi na Wakipsigis, iligonga kifua chake ikaanguka chini. Vita vilipozuka, yeye ndiye aliyetangulia. Adui waliposhindwa kwa silaha, walitumia hila: wakampa binti mrembo awe mke wake. Wazee walimwonya, asisikie. Mtu ambaye hajapata kujeruhiwa huona onyo kuwa maneno matupu.

Siku moja Magere akaugua. Mke mkubwa hakuwapo, basi akamwagiza yule mgeni amchanje, ila si mwilini bali kivulini. Binti alipokichanja kivuli, damu ikatoka. Siri ya mtungi aijuaye kata: usiku akatoroka kwenda kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki ulikilenga kivuli, Magere akaanguka, akageuka jiwe ambalo wageni huonyeshwa hadi leo karibu na Mto Nyando.

Mwaka 1925 mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung (1875–1961), alifika Kenya na kukaa miongoni mwa wenyeji wa Mlima Elgon. Jung alikiita kivuli ile sehemu ya nafsi ambayo mtu hataki kuiona. Waliomfuata walieleza kwamba sura ya mpiganaji imo ndani ya kila mmoja wetu, na kwamba kijana hana budi kuipitia ili ajifunze nidhamu, uvumilivu na kutetea haki yake. Lakini kuipitia si kukaa humo maisha yote. Yaelekea wasimulizi wa Kano walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo.

Wanandi waliliwekea utaratibu. Walikuwa na marika saba. Rika la wapiganaji lililinda nchi kwa takriban miaka 15, kisha likakabidhi ulinzi kwa rika lililofuata katika sherehe kubwa na kuelekea kwenye uzee. Katika kisa chetu, Magere hana anayemkabidhi mkuki. Anabaki mpiganaji hadi anakuwa jiwe, na jiwe halikui.

Haya si mambo ya kale tu. Katika mapigano ya 1991 na 1992 mpakani, sehemu za Muhoroni na Sondu, na tena mjini Kisumu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walisifiwa kwa ushujaa wakatangulizwa mbele. Wengine walirudishwa makwao wakiwa maiti. Waliosalia, ni nani aliyewaita kando akawaambia kwamba zamu yao imekwisha, waje sasa wajifunze kazi ya kulea na kupatanisha?

Jukumu hilo kwa kiasi kikubwa limewaangukia walimu. Mvulana anayeambiwa kila siku kwamba mwanamume halii atajifunza kuficha maradhi yake, na atakayemfunulia udhaifu wake huenda akawa yule wa kwanza kumpa sikio, awe mwema au mbaya. Kwa hiyo, badala ya kuwauliza wanafunzi ni nani aliyemsaliti Magere, tuwaulize ni nani katika Kano nzima aliyewahi kumwuliza anaumwa wapi.