Askari Aliyeidai Serikali kwa Lugha Yake



Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Nimemchagua marehemu Bayume Mohamed Husen. Najua baadhi yenu mtaguna, maana marehemu alikuwa askari wa Wajerumani, na hapa Songea askari wale hawana jina jema. Wakati wa Vita vya Maji Maji walichoma vyakula vya Wangoni mpaka njaa ikaingia, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano alinyongwa. Hata hivyo, nawaombeni mnisikilize hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Mwaka huo huo Wajerumani walileta sarafu yao ya hela, neno ambalo tunalo mpaka leo. Baba yake alikuwa efendi katika jeshi lao. Mtoto alijifunza Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani huko Lindi angali mdogo. Vita ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini, mwana akiwa na miaka kumi tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Madai aliyapeleka Wizara ya Mambo ya Nje.

Hapa nieleze jambo nililolitambua nilipojifunza Kijerumani ukubwani. Kijerumani cha sokoni ni kimoja, na cha ofisini ni kingine. Ofisini kuna Gesuch, yaani ombi la mtu anayetaka kufadhiliwa, na kuna Beschwerde, yaani malalamiko ya mtu anayeamini haki yake imevunjwa. Ukichanganya hayo mawili umejishusha mwenyewe kabla hujasomwa. Zamani mwombaji aliandika gehorsamst, kwa utii mkubwa, na barua ilifungwa kwa Hochachtungsvoll, kwa heshima kuu. Lakini neno la kuogopwa kuliko yote ni Frist, yaani muda uliowekwa. Ukipita, hata barua iliyo safi kiasi gani haikusaidii.

Muda ndio uliomwangusha marehemu. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa. Fedha hakupata.

Alibaki Berlin akifanya kazi ya kuhudumia wageni mezani, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka. Alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita ile kuu. Alikuwa na kovu la Mahiwa, lakini alikataliwa, kwa kuwa alikuwa Mwafrika. Kutoka hapo ilikuwa dhahiri kwamba tatizo halikuwa lugha yake wala tarehe ya barua yake.

Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mahakamani. Alifungwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa hai Tanganyika.

Kwa nini basi nimewaletea habari za mtu aliyeshindwa kila alipodai? Kwa sababu maelfu ya askari na wapagazi wa vita ile walikufa bila hata jina kuandikwa. Jina la marehemu tunalo kwa kuwa alidai kwa maandishi, na ofisi zile, pamoja na ubaya wake, zilitunza majalada. Kutokana na majalada hayo watafiti waliweza kuandika maisha yake, na mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.

Vijana, mnaposoma somo la barua rasmi msilione ni la kupitia mtihani tu. Mkiwa na dai, ulizeni kwanza mwisho wake ni lini. Andikeni tarehe, tajeni haki mnayoidai, wekeni nakala. Huenda mkakataliwa kama alivyokataliwa yeye. Lakini aliyekataa naye atakuwa ameandika, na karatasi yake itasomwa na wengine.