Galileo Galilei na Gololi ya Shaba

Galileo Galilei alizaliwa katika mji wa Pisa, nchini Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, aliyekuwa mwanamuziki, alitaka mwanawe awe mganga. Kijana akapelekwa Chuo Kikuu cha Pisa kusomea uganga, lakini moyo wake ulivutwa na hesabu. Mwaka 1585 aliacha chuo bila kupata shahada. Miaka minne baadaye alirudi katika chuo kile kile, safari hii akiwa mwalimu wa hesabu! Mwaka 1592 alihamia Padua, akafundisha huko kwa miaka 18.

Siku zile wataalamu wengi walishika mafundisho ya Aristotle, Mgiriki wa kale, kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi. Galileo alikuwa na shaka. Lakini kitu kinachoanguka huenda upesi mno, wala hapakuwa na saa iliyoweza kupima sawasawa muda mfupi kama huo. Basi aliamua kuupunguza mwendo wenyewe.

Alichukua ubao wa urefu wa meta 7 hivi, akachonga mfereji mwembamba ulionyooka, akautandika ngozi laini. Kisha aliinua kidogo upande mmoja wa ubao, akaiachia gololi ya shaba iteremke katika mfereji ule. Ili kupima muda, aliweka mahali pa juu chombo kikubwa cha maji chenye kijibomba chembamba chini yake. Gololi ilipoanza kuteremka, maji yaliachwa yatiririke ndani ya kikombe. Ilipofika alama iliyowekwa, maji yalizuiwa, yakapimwa katika mizani. Uzito wa maji ndio uliokuwa saa yake. Kazi hii aliirudia mara nyingi sana, wala hakuchoka.

Sasa tazama alichokigundua. Tuseme katika muda wa kwanza gololi ilikwenda hatua 1. Katika muda wa pili, ulio sawa na ule wa kwanza, ilikwenda hatua 3. Katika muda wa tatu hatua 5. Katika muda wa nne hatua 7. Hizo ni namba witiri kwa mfuatano wake! Nawe ukizijumlisha tangu mwanzo utapata 1, 4, 9, 16. Yaani 1 × 1, 2 × 2, 3 × 3, 4 × 4.

Galileo aliieleza kanuni hiyo kwa maneno na michoro. Sisi twaiandika kwa herufi, nayo huwa fupi zaidi. Muda wowote tukiuita n, hatua za muda huo peke yake ni 2 × n − 1, na hatua zote tangu mwanzo ni n × n. Je, katika muda wa 10 gololi itakwenda hatua ngapi? 2 × 10 − 1 = 19. Jumla yake je? 10 × 10 = 100. Huna haja ya kutafuta ubao wa hatua 100.

Mteremko ukiwa mkali zaidi, kila hatua huwa ndefu zaidi, lakini mfuatano haubadiliki. Hivyo Galileo alitambua kwamba hata jiwe linaloanguka wima hufuata namba hizo hizo, ikiwa hewa hailizuii.

Miaka mingi ilipita kabla hajayatangaza hayo. Mwaka 1610, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Alifundisha pia kwamba Dunia hulizunguka Jua. Kwa ajili hiyo, mwaka 1633, alishtakiwa mbele ya mahakama ya Kanisa mjini Roma. Alilazimishwa kuikana rai yake, akahukumiwa kifungo. Kifungo hicho alikitumikia zaidi nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Hapo ndipo mzee huyu alipoyarudia maandishi yake ya zamani juu ya gololi na mteremko, akatunga kitabu. Kwa kuwa alikatazwa kuchapisha, maandishi hayo yalipelekwa nje ya Italia, yakapigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Wakati huo Galileo alikuwa amekwisha pofuka macho yote mawili, hata hakuweza kukisoma kitabu chake mwenyewe. Alifariki Arcetri tarehe 8 Januari 1642, akiwa bado mfungwa.