Bess wa Hardwick

Katika jimbo la Derbyshire, nchi ya Uingereza, juu ya kilima, imesimama nyumba ya mawe yenye minara sita. Jina lake ni Hardwick Hall. Aliyeijenga ni mwanamke, Elizabeth Hardwick, ambaye watu wamezoea kumwita Bess.

Bess alizaliwa papo hapo Hardwick, yapata mwaka 1527. Alipokuwa angali mtoto mchanga baba yake alikufa, na kwa sheria ya siku zile sehemu ya mashamba yao ikashikwa na serikali mpaka ndugu yake, aliye mrithi, awe mtu mzima. Basi tangu utoto alijua jinsi mali inavyoweza kumponyoka mtu.

Aliolewa mara nne. Mume wa kwanza alikufa kijana. Wa pili, Sir William Cavendish, alizaa naye watoto wanane. Nao wawili walinunua shamba la Chatsworth mwaka 1549, wakajenga nyumba kubwa. Huyo naye akafa, na wa tatu vile vile. Mali aliyoachiwa Bess hakuitapanya, bali aliyakagua madaftari ya hesabu na kuyatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1567 akaolewa na George Talbot, bwana mkubwa wa Shrewsbury, mmoja wa matajiri wa kwanza wa nchi ile. Lakini utajiri haukuleta amani. Mwaka 1569 Malkia Elizabeth alimpa Talbot kazi ya kumlinda Malkia Mary wa Scotland, aliyekuwa mfungwa. Kazi hiyo ilidumu yapata miaka 15, ikala fedha nyingi na kuzidisha ugomvi nyumbani. Hata mwaka 1584 Bess akaondoka Chatsworth, akarudi Hardwick.

Siku zile mume alikuwa na amri juu ya mali ya mkewe, lakini mjane alijitawala. Talbot akafa mwaka 1590. Bess alikuwa amekwisha pita miaka 60, umri ambao wengi hutafuta kupumzika. Naye mwaka ule ule akaanza nyumba mpya, karibu na ile ya kale. Hudhaniwa kuwa ramani yake ilichorwa na Robert Smythson, mwashi hodari.

Nyumba ile ilikuwa ya ajabu kwa madirisha yake. Wakati ule vioo vilikuwa ghali sana, bali Bess alikuwa na kiwanda chake cha vioo. Dohani nyingi za moshi zilipitishwa ndani ya kuta za katikati, hata kuta za nje zikapata nafasi ya madirisha mapana. Orofa ya chini ilikuwa ya watumishi, ya pili ya Bess na jamaa zake, na ya juu ya wageni watukufu. Na kadiri mtu apandavyo ngazi, vyumba huzidi kuwa virefu kwenda juu, na madirisha vivyo hivyo. Huko juu kuna ukumbi wenye urefu wa futi zaidi ya 160. Juu ya minara zilichongwa herufi za jina lake, E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, zionekane toka mbali.

Bess alihamia humo mwaka 1597. Vyumba vile vya juu vilistahili kumpokea malkia, lakini Malkia Elizabeth hakufika kamwe.

Bess alikufa mwezi wa Februari mwaka 1608, wakati wa baridi kali. Watu walisimulia kwamba alikuwa ametabiriwa hatakufa maadamu anajenga, na kwamba alikufa siku chokaa ilipoganda kwa baridi, waashi wasiweze kufanya kazi. Hiyo ni hadithi tu. Lakini nyumba si hadithi; ingaliko kilimani, na jua likiipiga jioni, madirisha yake hung'aa kama moto. Mtoto aliyekosa urithi aliacha jina lake juu ya mawe.