Maisha ya Bibi Joy Adamson, na Fundisho Lake kwa Watoaji

Baada ya hesabu za fedha na kumbukumbu za wenzetu waliotutoka, twaleta mbele ya wanachama na wazee wetu habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ili tujifunze kwa mema yake na kwa upungufu wake. Mwaka huu tumemchagua Bibi Joy Adamson. Twajua wako watakaostaajabu, kwa maana chama chetu ni cha kusaidiana katika maradhi, misiba na karo za watoto, naye bibi huyu alikuwa mtetezi wa simba. Lakini msaada alioukusanya ulifanya kazi katika nchi yetu ya Meru, na ndani ya kazi ile limo jambo limhusulo kila mtu atoaye shilingi yake, na kila karani aiandikaye kitabuni.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati ule chini ya dola ya Austria, na ambao leo waitwa Opava katika nchi ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Alikuwa na kipawa kikubwa cha kuchora. Kwanza alichora maua na mimea. Kisha Serikali ya wakati ule ikamwagiza achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili, na miongoni mwao wamo watu wa kwetu, Wameru na Waembu. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Nairobi, hata mjukuu wa leo aweza kuyaona mapambo ya babu zake, ambayo kwa macho yake hakuyakuta.

Mwaka 1944 aliolewa na Bwana George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa wilaya za kaskazini, mwenye makao yake Isiolo. Siku ya tarehe 1 Februari 1956, Bwana Adamson alishambuliwa na simba jike akampiga risasi, ndipo akagundua kwamba mnyama yule alikuwa akiwalinda wanawe watatu wachanga. Akawachukua watoto wale nyumbani. Wawili walipokua kidogo walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyeitwa Elsa, Bibi Adamson alikataa kuachana naye. Tena hakutaka amalize maisha yake nyuma ya vyuma. Basi akaazimu kumfundisha kuwinda na kuishi porini kama simba wengine.

Baada ya kujaribu mahali pengine bila kufaulu, walimleta katika nchi ya Meru, kando ya mto Ura, upande wa Tharaka. Huko Elsa alijifunza kuwinda, akapata mume wa porini, na mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Mwaka 1960 Bibi Adamson alitoa kitabu cha habari zake, Born Free, kikasomwa duniani kote kwa lugha nyingi, na mwaka 1966 ikatoka sinema yake. Mapato yakawa makubwa. Hapo ndipo tunapopaswa kumsifu bila kusita: mali ile aliielekeza katika ulinzi wa wanyama, akaanzisha mfuko kwa jina la Elsa, na hifadhi ya Meru ikawa miongoni mwa mahali palipofaidika. Tena mbegu ile ilizaa kwingine. Waigizaji wawili wa sinema ile, Virginia McKenna na Bill Travers, walishiriki mwaka 1984 kuanzisha shirika ambalo baadaye lilichukua jina la kitabu hicho, nalo lawatetea wanyama hata leo.

Lakini hesabu iliyo kamili haina budi kuonyesha pande zote mbili. Elsa alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa maradhi yaletwayo na kupe. Watoto wake, wakiisha kubaki bila mama, waliingia katika maboma ya Watharaka wakaua mbuzi. Mmoja wao alipigwa mshale. Tusiwalaumu wenye mbuzi. Kila mzee asomaye maneno haya ajua kwamba mbuzi ni karo, ni mahari, ni dawa ya mgonjwa. Na aliyeamka asubuhi akakuta zizi lake limevunjwa hakuwa na kitabu cha kuuza. Bwana Adamson alilipa fidia, na mwishowe wana-simba wale walikamatwa wakahamishiwa Serengeti.

Tena iko sadaka nyingine ambayo wageni huisahau. Ardhi ile ya hifadhi haikununuliwa kwa fedha za kitabu. Baraza la Wilaya ya Meru ndilo lililoitenga, na mwaka 1966 ikatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa. Malisho yale na maji yale wangeweza kuyatumia wenyewe. Basi tukiuliza ni nani aliyewafadhili wanyama wa Meru, jawabu si mtu mmoja. Yuko aliyetoa fedha, na wako waliotoa nchi. Jina la kwanza lilichapishwa duniani kote. Majina ya pili hayajulikani ila kwa Mungu na kwa wajukuu wao.

Bibi Adamson mwenyewe, kwa habari za waliomjua, alikuwa mwepesi wa hasira, na watumishi wake hawakupata kwake ule uvumilivu alioupata simba. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo. Kwanza ilisemwa kwamba simba ndiye aliyemwua; lakini uchunguzi ulionyesha kuwa ni mkono wa mtu, na mahakama ikamtia hatiani mtu aliyewahi kuwa mtumishi wake. Hakuna kosa la bwana au bibi lihalalishalo damu, nasi hatusemi hivyo. Twasema tu kwamba mwenye kuhurumia kilicho mbali aangalie pia aliye karibu naye, ampikiaye na amfungiaye mlango.

Majivu yake yaliletwa Meru, na kaburi la Elsa limo mbugani hata leo. Katika miaka ya 1980 majangili waliiharibu sana mbuga ile, hata mwaka 1988 wakaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Baadaye ikainuliwa tena kwa jitihada za Serikali na msaada wa wafadhili. Ndivyo ilivyo kazi ya msaada: haimalizwi na mtoaji mmoja, wala kwa mwaka mmoja.

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Kwa hiyo twawaomba wanachama, tunapoandika michango ya mwaka ujao, tusiandike shilingi peke yake. Aliyetoa kipande cha shamba, aliyebeba mgonjwa, aliyesamehe deni la mbuzi, naye aandikwe jina lake kitabuni, ili watakaokuja baada yetu wasome hesabu iliyo ya kweli.