Thomas Jefferson na Deni la Tumbaku, 1743–1826

Thomas Jefferson anafahamika kwa wasomaji wengi kama mwandishi wa Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 na rais wa tatu wa nchi hiyo. Makala haya yanamtazama kwa upande wa daftari zake za shamba. Kwa upande huo alikuwa mkulima wa tumbaku wa Virginia aliyemiliki, katika maisha yake yote, zaidi ya watu 600, na aliyefariki akidaiwa zaidi ya dola 107,000. Hoja yetu ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki. Katika uchumi ule mtumwa alikuwa mfanyakazi na papo hapo alikuwa rehani, na deni la bwana lilipoiva, aliyelilipa ni yule ambaye hakuwahi kukopa.

Jefferson alizaliwa tarehe 13 Aprili 1743 huko Shadwell. Baba yake, Peter, mpima ardhi na mkulima, alifariki mwaka 1757, na kijana alipotimiza umri wa miaka 21 alikabidhiwa ekari zipatazo 5,000 pamoja na watumwa. Alisomea sheria. Tarehe 1 Januari 1772 alimwoa Martha Wayles Skelton, aliyekuwa mjane, na mwaka uliofuata baba wa mke huyo, John Wayles, akafariki. Urithi uliomfikia Jefferson ulikuwa watu 135 na ekari 11,000. Lakini pamoja na mali hiyo lilikuja deni kubwa la kampuni ya Farell & Jones ya Bristol, na sehemu yake ilitokana na shehena ya Waafrika ambao Wayles na mwenzake walikubali kuwauza kwa niaba ya kampuni hiyo. Wakwe wa marehemu wangeweza kuiacha mali nzima ilipe deni kwanza. Waliamua kuigawana mara moja, na kwa uamuzi huo kila mmoja akawa mdaiwa kwa nafsi yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo maisha ya Jefferson ya ukulima yalipoamuliwa, naye alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Yafaa kueleza jinsi mkopo wa tumbaku ulivyofanya kazi. Mkulima alipeleka mapipa yake, kila moja likiwa na uzito wa ratili 1,000 hivi, kwa mfanyabiashara wa Bristol, London au Glasgow. Huyo aliyauza, akakata ujira wake, kisha akamnunulia mkulima nguo, mvinyo, vitabu na vyombo. Hesabu ilipofungwa, mara nyingi mkulima alibaki anadaiwa, na zao la mwaka uliofuata likawa limekwisha kuliwa kabla ya kupandwa. Kazi yenyewe haikuwa na mapumziko. Vitalu vilitayarishwa wakati wa baridi, miche ikahamishwa masika, vilele vikakatwa, viwavi vikaokotwa kwa mkono jani kwa jani, kisha majani yakatundikwa mabanini na kushindiliwa katika mapipa. Aliyewahi kufika Tabora au Songea wakati wa msimu hahitaji kuelezwa zaidi. Ardhi nayo ilichoka baada ya mavuno machache, ikabidi msitu mwingine ufyekwe. Jefferson aliyajua hayo. Katika kitabu chake juu ya Virginia, kilichochapwa Paris mwaka 1785, alilieleza zao hilo kuwa ni chanzo cha taabu kwa wanaolilima na uharibifu kwa udongo. Hata hivyo hakuliacha, kwa kuwa ndilo wadai walilokuwa wakilipokea.

Vita vya uhuru vilizidisha mambo. Jefferson aliuza ardhi ili alipe deni, lakini wanunuzi walimlipa kwa noti zilizokuwa zikipoteza thamani kila mwezi, na wadai wa Uingereza hawakuzitaka. Mwaka 1781 jeshi la Cornwallis liliteketeza mabani yake ya Elkhill pamoja na tumbaku iliyokuwamo. Alipokuwa balozi Ufaransa, kuanzia 1784 hadi 1789, aliandika kwamba hangependa kuuza watumwa maadamu kazi yao ingeweza kulipa deni. Kazi yao haikutosha. Katika miaka kumi iliyoanzia 1784 watu zaidi ya 100 walitoka mikononi mwake, ama kwa kuuzwa ama kwa kutolewa kama zawadi kwa jamaa zake.

Tangu mwaka 1794 alijaribu njia nyingine. Monticello ililimwa ngano, na kiwanda cha misumari kikaanzishwa ambamo wavulana wa miaka 10 hadi 16 walifua chuma. Tumbaku ilibaki Poplar Forest, shamba alilolipata kwa urithi wa Wayles. Mwanaisimu anayesoma maandishi ya Jefferson huvutwa na msamiati wake: watumwa huitwa watumishi, au watu wake, au hata familia, lakini majina yao yameorodheshwa katika daftari lilelile lenye mablanketi na mapipa. Katika barua ya mwaka 1820 alikadiria kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili ana faida kubwa kuliko mwanamume hodari kuliko wote shambani.

Kuhusu Sally Hemings, dada wa mkewe kwa baba mmoja, aliyezaa naye watoto baada ya Martha kufariki mwaka 1782, wataalamu wengi hawana shaka tena tangu uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998. Nimeepuka kumwita suria. Kwa sheria iliyofuatwa pwani yetu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru na alirithi. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1662 mtoto alifuata hali ya mama, naye akaingia katika mali inayoweza kushikwa na wadai.

Urais, 1801 hadi 1809, ulimwongezea deni licha ya mshahara wa dola 25,000 kwa mwaka. Marufuku ya biashara ya ng'ambo aliyoitia saini mwishoni mwa 1807 iliangusha bei ya tumbaku, yake ikiwemo. Alipokuwa akirejea nyumbani mwaka 1809, mwizi aliiba sanduku lenye orodha za maneno ya lugha za Wahindi Wekundu alizozikusanya kwa miaka 30, na alipoona ni karatasi tupu akazitupa mtoni. Hasara hiyo haimo katika hesabu za madeni, lakini wenzetu wa isimu wataipima wenyewe. Mwaka 1815 aliiuzia serikali maktaba yake kwa dola 23,950. Mwaka 1818 alidhamini hati za dola 20,000 za rafiki yake Wilson Cary Nicholas, ambaye mdororo wa 1819 ulimfilisi.

Mwaka 1826 bunge la Virginia lilimruhusu kuchezesha bahati nasibu ya mali yake, lakini haikufanikiwa. Alifariki tarehe 4 Julai mwaka huo. Wosia uliwaachia uhuru watu watano. Januari 1827, katika baridi kali, watu 130 waliandaliwa kwa mnada uwanjani Monticello.

Miongoni mwa watano hao alikuwa Joseph Fossett, mfua chuma, ambaye uhuru wake ungeanza mwaka mmoja baada ya kifo cha bwana. Mkewe Edith na watoto wao hawakutajwa katika wosia, wakauzwa kwa wanunuzi mbalimbali. Fossett alifanya kazi miaka mingi ili awakomboe, akawapata baadhi, akahamia nao Ohio. Mwanawe Peter, aliyeuzwa akiwa na umri wa miaka 11, alikombolewa mwaka 1850 tu, baada ya kupandishwa mnadani mara ya pili.