Sayyid Barghash, sultani aliyejenga hamamu ya umma

Msikilizaji, ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar utakuta mtaa unaoitwa Hamamni. Jina limetokana na hamamu, yaani nyumba ya kuogea maji ya moto, iliyojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Ndiye sultani aliyetawala hata Mafia yetu, kabla Wajerumani hawajaichukua mwaka 1890.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Baba alipofariki mwaka 1856, kiti cha Zanzibar kilikwenda kwa kaka yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, India, kwa miaka kama miwili. Ni wakati huohuo mji ule ulipoanza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar.

Alipokalia kiti Oktoba 1870, Zanzibar ilikuwa imetoka kupigwa na kipindupindu kilichoua watu wengi. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tusifiche: utajiri wa utawala ule ulitokana na jasho la watumwa, wakiwemo waliohudumia minazi ya Mafia kwa ajili ya mabwana waliokaa Chole.

Hata hivyo, Barghash ndiye aliyeleta mjini maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Kisha akamwagiza Haji Gulamhussein ajenge hamamu ya mtindo wa Kiajemi. Baba yake alikuwa amejenga nyingine Kidichi mwaka 1850, lakini ile ilikuwa ya mkewe, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Hii ya mjini ilikuwa ya umma. Watu walilipa kiingilio wakaoga. Ndani mlikuwa na chumba cha joto kilichopashwa kutoka chini ya sakafu, maji baridi, na mahali pa kunyolewa.

Barghash alifariki Machi 1888. Hamamu yake iliendelea kutumika hadi karibu mwaka 1920. Leo haina maji, ila wageni huitembelea.

Siku hizi hoteli nyingi zina beseni kubwa la maji ya moto. Kama unafanya kazi huko, au unafikiria kununua la nyumba yako ya wageni, kumbuka haya. Maji yasizidi nyuzi 40, na dakika 15 zinatosha. Oga kwa sabuni kwanza. Usiingie ukiwa umelewa. Mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kabla. Mtoto asiachwe peke yake hata kidogo. Maji ya vuguvugu yasiyotiwa dawa ya klorini huzalisha vijidudu, kwa hiyo yapimwe kila siku.

Unaponunua, chagua lenye kipimajoto na mfuniko unaofungwa, na fundi umeme mwenye leseni aunge waya wa ardhini pamoja na kifaa kinachokata umeme wenyewe ukivuja. Halafu jiulize swali ambalo Barghash alilijibu kabla ya kujenga: maji safi ya kulijaza yatatoka wapi?