Eric Liddell: Winga wa Scotland aliyezaliwa na kufia China

Mashabiki wa riadha wanamfahamu Eric Liddell kwa mbio za mita 400 za Olimpiki ya mwaka 1924. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa winga hodari wa raga, na kwamba maisha yake yalianzia China na kuishia huko huko.

Alizaliwa Januari 16, 1902, mjini Tianjin, kaskazini mwa China, ambako wazazi wake walikuwa wamishonari kutoka Scotland. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Uingereza, na mwaka 1920 akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kasi yake ikampa nafasi katika timu ya taifa. Kati ya 1922 na 1923 aliichezea Scotland mechi 7 na kufunga trai 4, kisha akaiacha raga ili ajiandae kwa Olimpiki ya Paris.

Mbio alizozimudu zaidi zilikuwa mita 100. Ratiba ilipoonyesha kuwa mchujo ungefanyika Jumapili, siku yake ya ibada, alijitoa. Badala yake alikimbia mita 200 na kupata shaba. Julai 11, 1924, alitwaa dhahabu ya mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia wakati huo.

Mwaka 1925, jina lake likiwa bado juu, alirudi Tianjin kufundisha shule. Baadaye alihudumu vijijini, katikati ya vita na Japan. Hali ilipozidi kuwa mbaya mwaka 1941, alimpeleka Canada mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, pamoja na binti zao wawili. Yeye akabaki. Binti wa tatu hakuwahi kumwona.

Mwaka 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya raia wa kigeni ya Weihsien, mkoani Shandong. Humo alifundisha vijana sayansi na kuwaandalia michezo, isipokuwa Jumapili. Lakini vijana walipocheza siku hiyo bila refa na kuishia kupigana, alishika filimbi mwenyewe. Alichokataa kwa ajili ya medali alikikubali kwa ajili ya watoto wa wenzake.

Alifariki kambini Februari 21, 1945, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti mwaka huo.